Bodi Nilizozipima Busia, na Mashine ya Mwalimu Nekesa

Hii ni wiki ya tatu tangu nilipowakabidhi ninyi, mafundi wa duka, funguo za kabati la vifaa, na bado kila asubuhi mkono wangu unatafuta bisibisi kabla haujatafuta miwani. Mliniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya ufundi wa kompyuta hapa Busia, na mkasema hasa mnataka siri za kuchapua mashine, yaani kuziongezea mwendo. Siri hakuna. Kuna kupima, kupima tena, halafu kumwambia mwenye mashine kilichotokea. Vyeo nitaviruka, maana cheo changu cha kwanza na cha mwisho kilikuwa fundi. Mshahara nao sina haja ya kuutaja. Mnalipwa huo huo.

Nilizaliwa upande wa Uganda wa mji huu, katika nyumba ya watu wa malori. Baba na ndugu zake walisafirisha mizigo, na kwetu hata watoto waliweza kusikia injini inayougua kabla haijafika getini. Nilipomaliza kozi ya kompyuta Tororo, mama alitarajia nikae kwenye meza ya ofisi nikichapa barua. Mimi nikaenda kwenye duka la mzee Ochwo kuomba kazi.

Mzee Ochwo alikuwa mtu wa Nagongera aliyetengeneza redio tangu ujana wake, na watu walipoacha kuleta redio, akajifundisha kompyuta kwa kuzifungua. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye vidole vinene ambavyo hungedhani vinaweza kushika skrubu ndogo. Alipohesabu alihesabu kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, kile ambacho upande wa pili wanakicheka lakini wanakielewa.

Siku ya kwanza hakuniuliza cheti. Aliweka mezani bodi mbili mpya, zile sahani pana ambazo prosesa, memori na kila kitu kingine cha kompyuta hukaa juu yake. Wenye maduka huziita mazabodi. Sisi tuliziita bodi tu.

"Hii mbili," akasema, "wewe nachukua gani nyumbani?"

Moja ilikuwa nyekundu, ina vipoza joto vinavyong'aa na maandishi ya dhahabu. Nyingine ilikuwa ya kijani, haina urembo. Nikaonyesha nyekundu.

"Kwa nini?"

Nikasema inaonekana yenye nguvu. Mzee Ochwo akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimesema jambo la maana, akavuta kiti, akaniambia nikae na bodi hizo mpaka jioni. Nisiziwashe. Niziangalie tu.

Niliziangalia. Saa mbili za kwanza nilikuwa na hasira, nikijua nimekuja kwa mwendawazimu. Halafu nikaanza kuona. Kando ya nafasi ya prosesa, ile ya kijani ilikuwa na koili nyingi zaidi, na koili hizo ndizo zinazoipa prosesa umeme uliotulia. Kapasita zake, vijipipa vidogo vinavyohifadhi umeme, zilisimama wima kama askari, na zile za nyekundu zilikuwa zimeinama, zimeunganishwa kwa haraka. Kipoza joto kimoja kinachong'aa, nilipokigusa, kilicheza. Kilikuwa kimebandikwa kwa gundi mahali pasipo na kitu cha kupoza.

Jioni alinirudia. "Sasa nachukua gani?"

"Ya kijani, mzee."

"Kesho wewe nakuja saa mbili," akasema. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Miezi iliyofuata alinifundisha kulinganisha. Duka letu liliuza bodi kwa watu wa pande zote mbili za mpaka, na kila aina mpya ilipofika, hatukuiuza kabla ya kuipima. Kanuni yake ilikuwa moja. Prosesa ile ile, memori ile ile, pawa saplai ile ile, feni ile ile. Bodi peke yake ndiyo ibadilike. "Kama nabadilisha vitu mbili," alisema, "wewe hapana jua gani nasaidia, gani naharibu." Tuliandika matokeo kwenye daftari la mistari. Hata saa ya siku tuliiandika, kwa sababu chini ya bati la duka letu asubuhi ya mvua na saa nane ya jua ni nchi mbili tofauti. Bodi iliyotamba asubuhi mara nyingi ilinyamaza mchana.

Na nilizipenda bodi hizo, sioni haya kusema. Chukueni bodi yoyote nzuri muielekeze kwenye mwanga. Kati ya prosesa na memori mtaona njia za shaba nyembamba kama unywele, na baadhi yake zimepindwapindwa bila sababu inayoonekana. Mzee Ochwo ndiye aliyenieleza. Njia iliyo fupi imepindwa makusudi ili urefu wake ulingane na ile ndefu, habari zote zifike kwa pamoja, isitangulie hata moja. Mtu fulani, mbali sana, alikaa akaipinda kila njia, na wala hajui kwamba kuna mzee wa Nagongera anayeisifu kazi yake. Tangu siku hiyo sikuweza tena kuishika bodi kama sahani.

Kuchapua nilifundishwa mwaka wa pili. Kila prosesa hutoka kiwandani imepangiwa mwendo wake, lakini iliyo nzuri ina pumzi ya ziada, na fundi anaweza kuisukuma iende kasi kuliko ilivyoandikwa. Memori nayo ni vivyo hivyo. Siku hizi mnafanya kwa kubonyeza. Wakati ule tulihamisha vijifuniko vya plastiki kwenye bodi yenyewe, vidogo kama punje ya mtama, na kikianguka unatambaa chini ya meza na tochi. Unapandisha hatua moja. Unapima. Unagusa kipoza joto. Ikizima, unarudi nyuma au unaongeza volti kidogo, ukijua kwamba kila volti unayoongeza inageuka joto, na joto ndilo linaloua.

Wateja wa kuchapuliwa hawakukosekana. Wapiga video za harusi, wenye studio za kurekodi kwaya, vijana wa michezo. Mtu alinunua prosesa ya chini akitaka kazi ya ile ya juu, na mara nyingi tulimpa. Mashine ya kwanza niliyoichapua peke yangu ilikuwa ya mpiga video wa eneo la Kwapa. Video ya harusi iliyomchukua siku nzima kuiandaa sasa ilimchukua mpaka chakula cha mchana. Alirudi na kuku hai amemshika miguu. Mzee Ochwo alimtazama yule kuku, akanitazama mimi, akasema, "Andika kwa daftari."

Miaka ikapita hivyo. Nikaolewa, nikamzaa Rehema, nikarudi mezani. Jina langu likavuka mpaka. Walikuwa wakisema, nenda kwa Mama Rehema, anaifanya mashine iruke. Nami nikaamini. Sasa nitawaeleza jambo ambalo wengi wenu hamkulijua, maana mlikuwa hamjaja.

Mwalimu Nekesa alifundisha watoto viziwi katika shule ndogo upande wa Kenya. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kutembea, na hata alipoongea na sisi tunaosikia mikono yake haikutulia. Kwa miaka miwili alikuwa akirekodi video za wanafunzi wake wakionyesha maneno kwa ishara, hasa maneno ya hesabu na sayansi, kwa sababu kwa mengi ya maneno hayo watoto walikuwa wamekubaliana ishara wenyewe darasani na hakukuwa na mahali zimewekwa. Kila neno video yake. Alitaka watoto watakaokuja wazikute. Lakini kompyuta yake ilikuwa imechoka. Kila alipounganisha video ilichukua muda mpaka vipindi vikaisha.

"Sina uwezo wa mpya, dada," akaniambia. "Nimesikia wewe unaweza kuiongeza mwendo."

Niliifungua. Bodi yake ilikuwa nzuri, moja ya zile tulizozipima na kuzisifu. Nikaichapua prosesa kwa kiasi. Kisha nikaona memori yake inakubali kupanda, nikapandisha hatua moja, ikakubali, nikapandisha ya pili. Ilikuwa asubuhi ya mvua, duka lina baridi. Nikaipima kwa muda wa saa moja, haikukosea hata mara moja. Kawaida yetu ilikuwa kuipima memori iliyopandishwa mpaka jua la mchana lipite juu ya bati. Lakini Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi akinisubiri, vipindi vyake vya mchana vinamngoja, na mimi nilijua kazi yangu. Nikaifunga. Ilipowaka na kuunganisha video mbele yake, alipiga makofi kwa namna ya wanafunzi wake, mikono juu, vidole vikitikisika hewani. Sikuwahi kusifiwa vile.

Alirudi baada ya mwezi na nusu. Safari hii mikono yake ilikuwa imetulia, nami nikajua kabla hajasema.

Video zilikuwa zimeharibika. Kwanza aliona vipande vya rangi vikiruka kwenye picha. Kisha baadhi zikakataa kufunguka. Alikuwa mwangalifu, alinakili kila kitu kwenye diski ya pembeni, lakini hata nakala zilikuwa mbovu. Akaniuliza kama ni virusi.

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema ni diski, au ni umeme unaopandashuka, na nani hapa mpakani angebisha kuhusu umeme? Nikamwambia aniachie mashine. Alipoondoka nikaiweka pale jua linapopiga, nikaanza kuipima memori saa saba mchana. Mistari myekundu ya makosa ilianza kutokea kwenye skrini kabla sijamaliza kuswali adhuhuri. Memori ilikuwa inakosea. Haikosei sana, haizimi mashine. Inageuza herufi moja hapa, nyingine pale, wakati wa joto. Na kila video iliyopita ndani yake, ikiandaliwa au ikinakiliwa, ilitoka na jeraha. Ndiyo maana nakala nazo ziliharibika. Alikuwa amechota maji safi kwa ndoo yangu chafu.

Nilikaa. Mzee Ochwo alikuwa upande wa pili wa meza, wakati huo ameshaanza kusogeza vitu karibu na macho. Nikamwambia yote. Kwamba nilipima kwa muda wa saa moja tu, tena asubuhi, kwenye baridi.

Hakunikaripia. Alisoma ile mistari kwenye skrini.

"Mwalimu nafikiri ni nini?"

"Virusi."

"Na wewe nataka yeye afikiri nini?"

Akachukua daftari, akafungua ukurasa wa mashine ile, akaandika kwa mwandiko wake mkubwa: *Kosa ni ya duka. Ochwo.* Hakuandika jina langu.

"Mzee, ni mimi niliyefanya."

"Mimi nakufundisha," akasema. "Kesho nakwenda wote wawili."

Asubuhi tulivuka, mimi na yeye, yeye amevaa koti lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Mwalimu Nekesa alitupokea darasani, watoto wakiwa wanaandika. Mzee Ochwo alianza kufungua mdomo nikamtangulia. Nikamweleza Mwalimu kilichoharibika na kwa nini, na kwamba si virusi wala umeme, ni mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageukia watoto akawaeleza kwa ishara. Sijui alisema nini. Nilichoona ni nyuso kama ishirini zikinigeukia kwa pamoja, na msichana mmoja wa mbele akauliza kitu kwa mikono, haraka.

"Anauliza kama na zake zimepotea," Mwalimu akasema. "Alionyesha maneno ya duara. Kipenyo, mzingo. Ishara ya mzingo aliibuni yeye."

Nikasema sijui bado. Ndilo jibu gumu kuliko yote niliyowahi kumpa mteja.

"Hukuhitaji kuja," Mwalimu akasema. Hakusema kwa upole. "Ungenyamaza ningeamini virusi mpaka nife."

Nikamwomba kadi zote za kamera alizowahi kutumia, hata zile alizozifuta. Akanipa kopo la chai limejaa kadi. Nawaambia ninyi mnaofanya kazi hii: kilichofutwa kwenye kadi hakijaondoka mpaka kingine kiandikwe juu yake. Nilirudisha memori kwenye mwendo wake wa kiwandani, nikaipima kutoka mchana mpaka mchana wa pili, kisha nikaanza kuchokoa vilivyofutwa, kadi moja moja. Ilichukua majuma. Mzee Ochwo aliwahudumia wateja wangu wote, na macho yale yaliyofifia. Zaidi ya nusu ya video zilirudi nzima. Zilizobaki zilikuwa zimekwenda.

Hizo tulizirekodi upya. Kila Jumamosi nilivuka na taa na kamera ya kuazima, nikasimama nyuma ya kamera huku watoto wakirudia maneno. Baadhi ya waliozionyesha ishara hizo mwanzoni walikuwa wamehama, na wenzao ilibidi wakumbuke na kubishana: hapana, kidole kilikuwa hapa, si hapa. Nilijifunza kufuatilia mabishano yasiyo na sauti, na ni makali kuliko ya sokoni. Yule msichana wa mzingo video yake ilikuwa miongoni mwa zilizopotea. Aliurudia mbele yangu mara nne mpaka akaridhika, akizungusha kidole kwenye ukingo wa sahani isiyoonekana. Kisha akanionyesha ishara nyingine, akitabasamu. Mwalimu akacheka.

"Amekupa jina," akasema. "Fundi Anayerudi."

Tangu hapo hakuna mashine iliyotoka dukani kwetu imechapuliwa bila kupimwa mchana mpaka mchana. Mmeiona kanuni hiyo imebandikwa ukutani na mmeilalamikia. Sasa mnajua ilikotoka. Macho yake yalipokataa kabisa kazi ndogondogo za mezani, Mzee Ochwo alirudi Nagongera kulima, na huko ndiko tulikomzika. Nilisimama kaburini pamoja na watu waliomjua kama mkulima wa mihogo. Nilitaka kuwaambia jinsi alivyokuwa anaishika bodi kwa ncha za vidole, pembeni tu, kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake. Nikawaambia.

Vifaa vikaendelea kubadilika. Pini zikahama kutoka kwenye prosesa zikaja kwenye bodi, na nikaanza kuomba dua kila ninapofungua soketi ya prosesa, maana pini hizo hupinda kwa kuguswa tu. Bodi zikajifunza kujichapua zenyewe. Memori za sasa, ukiziwasha mara ya kwanza, huacha skrini nyeusi kwa dakika kadhaa zikijipima na kujipanga, na wateja hukimbilia kusema imekufa. Haijakufa, inafikiri. Sikuzionea kinyongo hata kidogo. Nilichofanya kwa siku tatu na tochi, zinafanya nikiwa nakunywa chai, na nyingi zinafanya vizuri kuliko mimi.

Mwezi wa mwisho wa kazi yangu, Mwalimu Nekesa aliingia dukani. Nywele zake zimekuwa nyeupe, mikono ni ile ile. Shule ilikuwa imepata vifaa vya kompyuta mpya ya kuandalia video, na fundi aliyetakiwa kuiunda aliwapa wachague kati ya bodi mbili. Alikuwa amezibeba zote mbili kwenye maboksi yake, pamoja na prosesa na memori.

"Sielewi hata moja," akasema. "Nimekuja kwako."

Baadhi yenu mlikuwepo. Nilizipima siku nne, prosesa ile ile, memori ile ile. Zote zilikuwa kazi nzuri, nawaapieni. Bodi ya kwanza ilikuwa na kasi zaidi, memori ikipanda mpaka mwendo ambao zamani ningeuona ndoto, lakini ikipandishwa hivyo ilikosea mara mbili saa tisa alasiri. Ya pili ilikuwa nyuma yake kidogo tu na haikukosea kabisa, hata nilipoifunika feni moja kwa makusudi. Nikachagua ya pili. Nikaiunda, nikaiacha kwenye mwendo wa kiwandani, nikampigia simu aje.

Alipofika nikamweleza. Akanisikiliza kama alivyonisikiliza darasani ile siku.

"Inaweza kwenda kasi zaidi ya hapa?"

"Inaweza. Nimeona inaweza."

"Sasa mbona hujaichapua?"

Nikatazama meza. Nikamwambia ukweli, kwamba mashine ya mtu yeyote ningeichapua, yake naogopa.

Akavuta benchi, akakaa, akaweka mkoba wake chini.

"Mama Rehema," akasema, "tangu zamani zile nimepeleka mashine kwa mafundi wengi. Zimeharibika nyingi. Kila mara ilikuwa virusi, au umeme. Wewe peke yako ndiye uliyewahi kuniambia, 'Ni mimi niliyeharibu.'" Akaisogeza ile mashine upande wangu. "Watoto wananisubiri kesho mchana. Mpaka hapo nina muda wa kungoja ukiipima."

Saa ilikuwa sita kasoro, jua linapanda juu ya bati. Nikaiwasha, nikafungua ukurasa wa memori kwenye skrini, nikapandisha hatua moja.